Callot hakuwa na kamera

Juzi tena kanijia kijana na simu mkononi: “Mwalimu, picha hii ya Callot, ya mji wa Breda ukizingirwa, si sawa na picha iliyopigwa kwa kamera siku yenyewe?” Si sawa. Nimechoka kujibu kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Jeshi la Hispania chini ya jenerali Spinola liliizingira Breda, mji wa Uholanzi, Agosti 1624. Mji ukasalimu amri Juni 1625. Mchoraji Jacques Callot alipewa kazi ya kuuchora mzingiro huo vita vya hapo vikiwa vimekwisha, na chapa, yaani picha inayochapwa kutoka bamba lililochorwa, ikatoka mwaka 1628: mabamba sita ya shaba, karatasi zake zikiunganishwa inakuwa picha moja kubwa. Aliyeagiza ni Isabella, mtawala wa upande ulioshinda. 

Kinachoniudhi ni hiki. Hebu simama aliposimama mchoraji. Huwezi! Yuko angani, na enzi zile angani walikuwa ndege tu. Huku chini, mbele yako, askari na farasi unawaona mmoja mmoja. Inua macho kidogo, nchi inajilaza chali, inageuka ramani ya mahandaki na kambi. Hapo imeshonwa mitazamo miwili, tena matukio ya miezi mbalimbali yamekaa kwenye karatasi moja kana kwamba yalitokea asubuhi moja. Mshono huuoni, na ndiyo maana unaamini.

Na Breda haikuvunjwa kwa mizinga. Spinola alifunga njia za chakula akasubiri. Sasa niambie, njaa utaionaje kutoka juu? Kutoka juu mji ni nyota nzuri ya ngome, paa zimetulia. Kwa hiyo tunakumbuka mistari ya wahandisi, na aliyekufa kwa kukosa mkate hayumo.

Hapo ndipo wajuaji hunikatiza: “Lakini mwaka 1633 Callot alisema ukweli!” Wanamaanisha zile chapa 18 za maafa ya vita, hasa ule mti wenye watu walionyongwa. Nami kwa miaka nimeuonyesha darasani kama ushahidi. Siku hizi nasita. Mti uko katikati kabisa ya picha, maiti zimepangwa kama matunda, na bamba zima kimo chake hakizidi kiganja changu. Mkono uliopanga mahandaki ya Breda ndio uliopanga maiti hizi. Muhula ujao nitauonyesha tena, maana sina mwingine wa kuwanyamazisha wanafunzi namna ile.