Mlinganisho katika katuni ya kisiasa: maoni yamo wapi?

Mlinganisho ni kulichukua jambo la utawala lisiloonekana kwa macho, kama deni la serikali, na kulichora kwa sura ya kitu ambacho msomaji amekizoea. Lakini kufanana peke yake hakusemi lolote. Maoni yamo katika kitu kimoja ambacho mchoraji amekichagua kwa makusudi.

Tuseme mchoraji wa Lamu anataka kuzungumzia kaunti iliyolemewa na madeni. Anachora jahazi: nahodha ni gavana, abiria ni wananchi, maji yaliyojaa ngamani, chini kabisa ya chombo, ni deni. Hadi hapo hajatoa maoni, maana chombo chochote huvuja. Akimshikisha nahodha keekee, kifaa cha kutobolea mbao, amesema kwamba aliyepewa dhamana ndiye anayetoboa. Akiiondoa keekee, akachora misumari iliyokula kutu na kalafati ya kuzibia nyufa iliyochomoka, lawama inahamia kwa waliotangulia. Akichora abiria wanafua maji kwa vikopo huku nahodha amelala kivulini mwa tanga, kosa sasa ni uzembe. Jahazi ni lile lile, hoja ni tatu.

Mfano maarufu ni mchoro wa John Tenniel katika jarida la Punch la London, Machi 1890, Kansela Bismarck alipoondoka madarakani Ujerumani. Amechorwa kama rubani wa bandari, yaani mwongozaji wa meli zinazoingia na kutoka, anayeteremka ngazi ya meli, na Kaisari Wilhelm II anamtazama kutoka juu. Hakuna mwamba wala dhoruba. Hatari anaijaza msomaji mwenyewe. Hata hivyo, anayezijua bandari aweza kuusoma kinyume, kwa kuwa rubani huteremka meli ikishatoka salama.

Mlinganisho huharibika hasa pale alama inapokuwa na maana nyingine kwa msomaji. Punda wa Lamu, mwenye shogi (mifuko ya mzigo ya mgongoni) zilizojaa mchanga, anamfaa mwananchi aliyebebeshwa kodi. Mmarekani atamwona huyo huyo kuwa chama cha Democratic, alama iliyoenezwa na mchoraji katuni Thomas Nast kuanzia 1870. Na hata hapa kwetu, kumwita mtu punda ni tusi. Kwa hiyo uzito wa mchoro uwe kwenye shogi na mkono unaozijaza, neno “kodi” liandikwe kwenye shogi, na uso wa punda usichorwe wa kijinga. Kuchanganya mifano miwili, mathalani simba kushika usukani wa jahazi lililobeba punda, humchosha msomaji kabla hajafika kwenye hoja.

Ukiisoma katuni, tafuta pia mlinganisho unapokatikia. Abiria wa jahazi hamchagui nahodha. Mwananchi humpigia gavana kura. Mchoro wa jahazi, kwa uzuri wake wote, unamwondolea mwananchi sehemu yake ya wajibu. Katuni ikitoka wiki ya uchaguzi, hilo si pengo dogo: mchoraji amemnyamazisha mtu yule yule mwenye uwezo wa kumbadilisha nahodha.