Je, wajua? Mzinga wa maji wa Pale Rider haukuwa na injini

Katika filamu ya Pale Rider, iliyoongozwa na Clint Eastwood na kutoka mwaka 1985, Mhubiri asiyejulikana alikotoka anawatetea wachimbaji maskini wa dhahabu wa Carbon Canyon, California. Adui yao, tajiri LaHood, ana mzinga wa chuma unaobomoa mlima kwa maji. Hauna injini wala pampu. Nguvu ile inatoka wapi?

Mtoto wa LaHood anamweleza binti Megan kwamba maji ya kijito huingia bomba la futi 3, kisha la futi 2, kisha la futi 1, yakafika mzingani na presha ya pauni 200 hivi kwa inchi ya mraba. Ukimsikiliza utadhani wembamba wa bomba ndio unaozaa presha. Sivyo. Presha inaletwa na kimo: kila mita 10 za kimo huongeza baa 1 hivi (baa ni kipimo cha presha). Pauni 200 ni karibu baa 14, kwa hiyo maji lazima yaanzie mita 140 juu ya mzinga.

Bomba lina sababu nyingine ya kupungua. Juu likiwa pana, msuguano ni mdogo na maji hayapotezi nguvu njiani. Tena presha ya huko ni ndogo, bati jembamba linatosha. Chini presha imekua, na bomba la kipenyo kidogo huihimili vizuri kuliko pana lenye unene uleule. Ukifunga maji ghafla, mshindo wake unaweza kulipasua. Na maji yakiliishia upesi bila tundu la kuingiza hewa, bomba hujikunja kama kopo lililokanyagwa.

Chukua mdomo wa mzinga wenye kipenyo cha sentimita 15. Hata ukitoa hasara ya msuguano, maji hutoka kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, lita 800 hivi kila sekunde, na mzinga husukumwa nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 4. Ndiyo maana ulifungwa imara kwenye magogo. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la mawe la kusawazisha uzito, hivyo mtu mmoja aliweza kuuelekeza. Alilenga chini ya ukingo kwanza. Juu kungeporomoka kwenyewe, na ole wake aliyesimama karibu.

Tope na kokoto vilipita kwenye mfereji mrefu wa mbao, wenye kazi ileile ya mialo ya kuoshea dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, mchanga wa kwatzi mara 2.65 tu, basi dhahabu huzama nyuma ya vizuizi vya sakafuni. Zebaki iliwekwa humo inase chembe ndogo. Maji yakikimbia mno, chembe hizo huenda zake, na zebaki nayo.

Hapo ndipo penye uchungu wa kweli wa habari hii. Tangu njia hii ianze karibu na Nevada City, mji wa California, mwaka 1853, kifusi kilijaza mto Yuba hadi sakafu yake ikainuka, mafuriko yakaupiga mji wa Marysville na mashamba yakafukiwa. Tarehe 7 Januari 1884, Jaji Lorenzo Sawyer aliizuia kampuni ya uchimbaji ya North Bloomfield kumwaga kifusi mitoni. Hakupiga marufuku mzinga wenyewe, ila bila pa kumwaga kifusi migodi mingi ilisimama. LaHood naye ana haraka ya kuwang'oa wachimbaji kwa sababu amesikia wanasiasa wa Sacramento, makao makuu ya jimbo, wanataka kuikomesha njia hiyo.

Mwaka 1893 sheria ya Caminetti iliiruhusu tena kwa kibali, mradi kifusi kizuiwe kwa mabwawa. Zebaki iliyokwisha kupotea, nayo ni sumu, haikurudi: mpaka leo wavuvi wa baadhi ya mito na maziwa ya eneo hilo huelekezwa ni samaki gani wapunguze kula.