Kusahau si "uzee tu"

Kigoma, bibi akirudia swali lile lile mara tano, jibu huwa tayari: "Ni uzee tu." Hapana. Kusahau ulipoweka miwani ni kawaida. Kupotea njia kati ya soko la Mwanga na nyumbani Ujiji, njia ya miaka 40, ni dalili ya ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimenshia, na ugonjwa huo hauwapati wazee wote.

Adui mmoja mkubwa ni presha: huziba au kupasua mishipa midogo inayoulisha ubongo. Kuanzia miaka 40, namba ya juu kwenye kipimo cha presha isizidi 130 hivi. Lakini ipimwe sawasawa: kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Mkono ukining'inia, au ukipiga soga, namba inapanda bure.

Chumvi, hata iwe ya Uvinza, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Dagaa wa chumvi waloweke, umwage maji, ndipo uunge. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Na masikio! Mzee asiyesikia hujitenga barazani, na ubongo usiozungumzishwa hudhoofika. Nta iliyoziba itolewe zahanati, si kwa njiti ya kiberiti.