Kabla ya Patsey: miaka ambayo hatukumwona Lupita

Kila ninapopokea wanafunzi wapya kwenye darasa langu la uigizaji Sinza, hatakosa binti mmoja wa kunifuata baada ya kipindi, begi begani, akaniuliza: "Mwalimu, mimi nitatoka lini?" Safari hii aliyeuliza aliongeza na mfano. "Mbona Lupita Nyong'o alitoka kwa filamu moja tu?" Nilimjibu palepale mlangoni, lakini jibu lenyewe ni refu kuliko mlango, na najua wengi wenu mna swali hilohilo.

Ni kweli, 12 Years a Slave ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza, akicheza Patsey, mtumwa wa shamba la pamba. Ilitoka mwaka 2013, na tarehe 2 Machi 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31, akapewa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Ukianza kuhesabu hapo, utasema ni bahati ya mtende. Mimi naanza kuhesabu Nairobi, alipokuwa na miaka 14, akicheza Juliet jukwaani na kundi la Phoenix Players.

Jukwaa linamfundisha mtoto mambo mawili: pumzi, na kutomwogopa mtu wa kiti cha nyuma kabisa. Halimfundishi kamera. Kamera alikwenda kuijulia mahali ambapo wanafunzi wangu wengi hawataki hata kupasikia.

Mwaka 2004 filamu ya The Constant Gardener ilikuwa ikipigwa Kenya, Kibera na hadi Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana. Lupita alikuwepo, lakini si mbele ya lenzi. Alikuwa msaidizi wa uzalishaji, yaani mmoja wa wale vijana wa kutumwa huku na huku. Kwenye lokesheni zetu kazi hiyo tunaidharau. Nimewahi kumtafutia nafasi kama hiyo binti mwenye kipaji kikubwa, akaikataa kwa sababu watu wa mtaani kwao wangemwona amebeba maji badala ya kuigiza. Iliniuma sana, maana hakuna kiti cha kujifunzia kilicho karibu zaidi na mwigizaji mkubwa. Unamwona anavyonyamaza kabla ya teki, yaani kipande kinachopigwa mfululizo bila kamera kuzimwa. Unaona teki ya tatu ilivyotofautiana na ya kwanza ingawa maneno ni yaleyale. Pale ndipo Lupita alipozungumza na Ralph Fiennes, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, akamweleza kuwa anatamani kuigiza. Fiennes alimshauri aifanye kazi hii pale tu anapohisi kwamba hawezi kuishi bila kuigiza. Mwenyewe amelisimulia jambo hilo mara nyingi, na kwamba wakati ule halikumfurahisha.

Halafu akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililomjenga kuliko yote, na ambalo halitajwi sana. Akiwa anasoma Hampshire College, Marekani, alianza filamu ya makala kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, In My Genes, iliyokamilika mwaka 2009. Aliiongoza mwenyewe, akaihariri mwenyewe.

Nieleze kwa nini uhariri ni shule ya mwigizaji. Watu wawili wanazungumza. Kamera moja imemchukua msemaji, nyingine msikilizaji. Msemaji akianza kujirudia, mhariri anahamia kwenye uso wa anayesikiliza. Uso huo ukiwa umekufa, hana pa kwenda. Ukiwa unafanya mengi mno, nyusi juu na mdomo wazi, hana pa kwenda vilevile. Mimi nilikaa kando ya mhariri kwa mara ya kwanza miaka mingi baada ya kuanza kuigiza, nikijitazama kwenye tamthilia yangu mwenyewe. Mwenzangu alikuwa analia kwa machozi ya kweli, na macho yangu yalikuwa yanasoma mstari wangu unaofuata. Ilionekana wazi kabisa. Mhariri akasimamisha picha hapohapo, hakusema kitu. Tangu siku hiyo nafundisha kwa namna nyingine.

Fikiria sasa binti aliyekaa muda wote ule na sura za watu wasioigiza, watu wanaosimulia jinsi wanavyotazamwa barabarani, akiamua sekunde ipi ibaki na ipi ikatwe. Huyo akirudi mbele ya kamera anajua uso unahitaji kiasi gani. Mwaka huohuo wa 2009 akaonekana kwenye Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi, akicheza Ayira, mwanafunzi wa chuo mwenye tamaa ya maendeleo. Tayari mikono yake imetulia.

Baada ya hapo alirudi darasani, miaka mitatu ya kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Alikuwa anamalizia mwaka 2012 alipopewa nafasi ya Patsey, ambayo zaidi ya wanawake elfu moja walikuwa wameijaribu, na kiangazi hicho wakapiga filamu Louisiana.

Rudini mkaitazame tena. Kuna mahali Patsey amekaa shambani peke yake, anatengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi. Hasemi lolote, na huwezi kuhamisha macho. Kisha kuna ile ya sabuni. Ametoka kwa jirani kuomba kipande cha sabuni kwa sababu mke wa mwenye shamba amemnyima. Anarudi nacho, mwenye shamba anamshutumu. Anamwambia kwamba yeye huchuma pamba ratili 500 kwa siku, karibu kilo 227, kuliko mwanamume yeyote pale, na kwa kazi hiyo anataka awe msafi tu. Waigizaji wengi wangelia kuanzia sentensi ya kwanza. Yeye anaanza kama mtu anayetoa hesabu, sabuni iko mkononi, na sauti inapanda kwa sababu hesabu haisikilizwi.

Kinachofuata, kupigwa mijeledi, sehemu kubwa yake imechukuliwa kwa teki moja ndefu. Hapo hakuna mhariri wa kukuokoa, na kilichombeba ni pumzi ya jukwaani.

Binti yangu aliyeniuliza, nakupa kazi ya wiki hii. Kabla hatujajua Lupita atapata Oscar, alikuwa ameshapiga filamu nyingine, Non-Stop, iliyoingia kwenye sinema za Marekani siku mbili kabla ya tuzo. Ni mhudumu wa ndege, mistari yake michache. Tafuta sehemu ambazo wengine wanaongea naye yupo kwenye picha, funga sauti, umtazame macho. Jumamosi njoo uniambie alikuwa anasikiliza nini.