Jeraha la pili ni nini?

Jeraha la pili ni maumivu anayoyapata manusura wa ubakaji kutoka kwa watu aliowaendea kutafuta msaada: muuguzi, polisi, mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii. La kwanza limesababishwa na mbakaji. Hili huja kwa neno, kwa swali, pengine kwa jicho tu.

Mara nyingi halitokani na roho mbaya. Mhudumu ana picha kichwani ya mtu "aliyebakwa kweli": analia, nguo zimechanika, alipiga kelele, alikimbilia kituoni usiku uleule. Akija mwenye macho makavu anayesimulia kwa sauti tulivu, shaka inaingia. Lakini tangu mwaka 1974, watafiti Ann Burgess na Lynda Holmstrom, waliozungumza na wanawake waliobakwa waliofikishwa katika hospitali moja ya Boston, Marekani, walionyesha kwamba wapo wanaolia na kutetemeka, na wapo wanaoonekana wametulia kabisa. Utulivu huo unaweza kuwa mshtuko. Kutopigana nako kuna maelezo: mwili unaweza kuganda kwa hofu, sauti isitoke. Hiyo si ridhaa hata kidogo. Na kwa kuwa kumbukumbu za tukio la kutisha huja vipande vipande, maelezo ya leo kupishana na ya jana si ushahidi wa uongo.

Sasa fikiria swali "Ulifuata nini kule?" Muulizaji huenda anajaza fomu tu. Anayeulizwa anasikia: ulijitakia. Ananyamaza, anaondoka, harudi. Saa zinakwenda, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao picha ile haina nafasi yao: mwanamume, mke aliyebakwa na mumewe, mwanamke anayeuza mwili.

Mhudumu hahitaji kuwa hakimu. Kupima ushahidi kuna wenyewe. Yeye anaweza kufunga mlango, kukaa chini, kusema "Pole, si kosa lako," kisha kuomba ruhusa kabla ya kumgusa, kila hatua upya, na kuacha anapoambiwa aache.