Je, wajua kwa nini andazi lisilotiwa sukari hupandisha sukari?

Chai ya saa nne ikifika ofisini, mwenye kisukari huwa anajua la kukataa. Soda hapana, keki hapana, chai yenyewe anakunywa bila sukari. Mkono wake huishia kwenye andazi, maana muuzaji kaapa kwamba unga haukutiwa sukari hata chembe. Baada ya muda anajitoboa kidole, na mashine inamwonyesha namba asiyoitegemea.

Mashine haijakosea, na muuzaji hajadanganya. Unga wa ngano ni wanga, na wanga ni chembe nyingi za glukosi, ile sukari ya damu yenyewe, zilizoungana kama mnyororo. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuukata mnyororo huo chakula kingali mdomoni. Chukua kipande cha mkate mkavu ukitafune polepole kwa dakika nzima bila kumeza: utamu utakuja wenyewe. Utumbo mwembamba humalizia kazi, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi. Andazi la gramu 60 hivi lina takribani gramu 30 za wanga, na chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya kiasi hichohicho. Ndiyo maana kuuliza "kina sukari?" hakutoshi. Uliza kina wanga kiasi gani, na utafika kwenye damu kwa kasi gani.

Hiyo kasi ilishapimwa. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha orodha ya vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu, glukosi tupu ikipewa 100. Mkate mweupe huwa kwenye 70 na ushei. Karanga hazifiki 20.

Konzi moja ya karanga, gramu 30, ina wanga wa gramu 5 hivi, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa glukosi. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni mafuta na protini, na mafuta hulifanya tumbo liachilie chakula taratibu. Sukari hupanda kidogo, na njaa hukawia kurudi. Ila konzi iwe konzi kweli: gramu hizo 30 zina kilokalori kama 170, na mtu anayepiga soga mbele ya sahani ya karanga hahesabu. Kashata si karanga tena, ni sukari iliyobebwa na karanga. Na zenye ukungu au ladha ya uchungu tupa, usizichambue, kwa sababu ya sumukuvu.

Yai la kuchemsha linalouzwa mtaani na kachumbari yake karibu halina wanga kabisa. Kwangu mimi hicho ndicho kitafunwa bora kwa bei yake. Kipande cha nazi pia hakina neno, kikiwa kidogo. Mkate wa brown nauonea shaka: unga ukisagwa laini, rangi yake haipunguzi sana kasi ya wanga.

Matunda yanaliwa, ila yaliwe, yasinywewe. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walionyesha mwaka 1977 kwamba juisi ya tufaha hunyweka mara 11 upesi kuliko kula matufaha yenyewe yenye wanga uleule, na insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu, hupanda zaidi kwa juisi. Chungwa moja linakutosha. Glasi ya juisi hula machungwa matatu, na nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio.

Wala si kila mwenye kisukari analazimika kula kitu katikati ya milo. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka kupita kiasi. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi ndiye mwenye hatari hiyo, na kwake ratiba ya kula hupangwa na daktari pamoja na dawa.

Huyo akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, na kipimo kikasoma chini ya 4 mmol/L, mambo yote niliyosema juu yanageuka. Karanga hapo hazifai, kwa sababu ileile ya kuchelewa. Anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Apime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, arudie. Ikishapanda na mlo bado uko mbali, ale kipande cha mkate pamoja na yai. Akiwa amepoteza fahamu, asiwekewe chochote mdomoni, hata asali, akimbizwe hospitali.