Kuitwa Yusufu hakumfanyi mtu Muislamu

Mimi ni wakili, na ukiacha kesi za viwanja kazi inayojaza meza yangu ni viapo vya majina. Mtu anakuja na mfuko wa vyeti, cha kuzaliwa kimeandikwa Selemani, cha fomu foo Suleiman, kitambulisho cha NIDA Sulemani, na wote ni yeye huyohuyo. Hizo herufi tunazimaliza kwa kiapo na mhuri. Kinachoniuma ni yale watu wanayoyasoma ndani ya herufi, maana kwetu ukitaja jina tu mtu ashakupangia na dini, na dini akishakupangia ashajua kama atakupa chumba cha kupanga au atakwambia kimeshachukuliwa.

Kuna mama mmoja mjane alinijia (nabadilisha vitu vidogo ili familia isijulikane), marehemu mumewe tumwite Yusufu Ibrahimu. Shemeji zake walishafungua mirathi mahakama ya mwanzo wakasema marehemu alikuwa Muislamu, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa jina. Sasa hapa Tanzania Bara hilo sio jambo dogo. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu, ya Mkristo aliyeishi na kufunga ndoa Kikristo inatakiwa iende wilayani au Mahakama Kuu, na inafuata sheria ya zamani ya mirathi ya India ya 1865 ambayo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja. Kwenye sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani 1/8, na kwa Muislamu hiyo ndo haki yake, sina neno. Ila huyu marehemu hakuwa Muislamu. Nyumba aliyoacha ina vyumba sita, theluthi ni vyumba viwili, thumni hata chumba kimoja hakitimii.

Nikamuuliza mama, una karatasi gani ya kanisani? Akafungua khanga akatoa kadi ya ubatizo imebandikwa selotepu kwenye mikunjo, wino wa bluu umefifia, mwandiko wa mchungaji wa Kilutheri: Yusufu.

Na mchungaji hakukosea. Chukua Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952, ile ambayo wazee wetu wengi walilelewa nayo, ndani yake utakuta Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Ayubu, na mama yake Yesu anaitwa Mariamu. Hayo majina yalikuwa tayari yako kwenye Kiswahili cha pwani kupitia Kiarabu, wafasiri wakayatumia. Ilipokuja tafsiri nyingine ya Biblia, Habari Njema, miaka ya 1990, yenyewe ikaandika Abrahamu, Yosefu, Mose na Maria, kwa hiyo baba na mtoto wa kanisa moja wanaweza kuwa Yusufu na Yosefu kwa sababu tu ya Biblia iliyokuwa mezani siku ya ubatizo. Hata Wakristo wanaozungumza Kiarabu, nenda kwa Wakopti wa Misri, wanaitwa Ibrahim na Yusuf na hakuna anayewashangaa.

Upande wa pili ni hivyohivyo. Fatima watu wanaona ni jina la msikitini moja kwa moja, lakini wako mabinti wa Kikatoliki wanaoitwa hivyo kwa Bikira Maria wa Fatima, kule Ureno 1917. Juma ni Ijumaa tu, siku ya kuzaliwa, na magharibi ya Kenya Wakristo kibao ni kina Juma. Kongo, mwaka 2018, mgombea urais mmoja mzaliwa wa Maniema, mashariki ya nchi, aliitwa Emmanuel Ramazani Shadary, na hiyo Ramazani ni alama ya misafara ya kutoka Zanzibar iliyofika Kasongo, mji wa hukohuko Maniema, enzi za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Tena hata Waislamu kwa Waislamu tunabaguana kwa herufi (mimi mwenyewe ni Muislamu). Uthman anaonekana kasoma dini, Athumani anaonekana wa bara asiyejua kitu, wakati Athumani ni Kibantu kinafanya kazi yake, kinatia irabu mwishoni ili neno litamkike, kama Hamisi ilivyotoka kwa Khamis. Vijana wanakuja kwangu wanataka kuandikisha hati ya kubadili jina kwa sababu wameambiwa jina la babu yao limeharibika. Na waliookoka wanakuja kuitoa Ramadhani kwa sababu wameambiwa ina roho. Wote nawaomba walale nalo kwanza wiki mbili.

Kesi ya yule mama ilichukua miezi. Tulipeleka cheti cha ndoa ya kanisani, kadi ya ubatizo, watu waliomzika, maana mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, jina peke yake halitoshi. Faili likafungwa kule, tukafungua upya wilayani.

Siku ya mwisho akanyanyuka akauliza, "Mwanangu wakili, huyu kijana wangu mkubwa nimwandikishe Joseph, yasije yakamkuta ya baba yake?" Nikamwambia hapana mama, mwache na la baba yake. Kijana alikuwa pembeni na cheti cha shule, wameandika Ibrahim bila u ya mwisho. Nikavuta karatasi nikaanza kumwandikia kiapo.